Kuweka Kamba Mpya katika Winchi ya Gari

Mtu asafiriye kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa hana budi kushuka ukingo mrefu uitwao Lyamba lya Mfipa. Juu, katika uwanda wa Ufipa, hewa ni baridi. Chini, katika bonde la Ziwa Rukwa, ni joto, na mahali pengi udongo ni mweusi wa kunata. Wakati wa masika udongo huo hushika magurudumu kama ulimbo ushikavyo ndege. Fikirini, basi, gari limemchukua mgonjwa wa kupelekwa hospitali, nalo limezama matopeni, na jua linakuchwa. Majembe na matawi ya miti yameshindwa. Hapo ndipo winchi ifaapo.

Winchi ni mtambo ufungwao mbele ya gari. Una mota ipatayo nguvu kwa betri, na gogo la chuma lizungukalo, ambalo tutaliita ngoma. Kamba huviringishwa juu ya ngoma, hutoka kwa kupitia tundu la mbele, ambalo tutaliita mdomo, na mwisho wake una kulabu. Ukanda mpana huzungushwa katika mti wenye nguvu, na kulabu hushikizwa katika ukanda huo. Ngoma ikizunguka, kamba hurudi ndani, na gari hujivuta lenyewe polepole.

Zamani kamba ya winchi ilikuwa waya wa chuma tu. Mjerumani Wilhelm Albert ndiye aliyesuka kamba ya namna hiyo mwaka 1834, kwa kazi ya migodini. Hapa Ufipa hapana haja ya kumwambia mtu kwamba chuma kina nguvu, maana wazee wetu walikiyeyusha wenyewe katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu. Lakini waya una ila zake. Ni mzito, hushika kutu, nyuzi zake zilizokatika huchoma mikono, na ukikatika wakati wa kuvuta huruka kama mjeledi, ukaweza kumwua mtu.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra, walipata njia ya kufanya uzi wenye nguvu nyingi kwa plastiki ya jamii moja na ile ya madumu ya maji. Katika dumu, chembe ndefu za plastiki zimejiviringa ovyo, kama pamba isiyosokotwa. Katika uzi huu zimenyoshwa, zikalala upande mmoja, zikavuta pamoja. Kamba ya uzi huo yenye urefu wa meta 30 na unene wa milimeta 10 ina uzito wa kilo 2 hivi. Waya wa kipimo hicho hupita kilo 10. Tena kamba hiyo haishiki kutu, huelea majini, na nguvu zake si haba kuliko za waya. Adui zake ni vitu vyenye makali, mchanga, jua na joto. Huyeyuka kwenye digrii 150 hivi, na hudhoofika mapema kabla ya hapo.

Sasa tazameni jinsi fundi mwenye akili aiwekavyo.

Kwanza, hauondoi waya wa zamani mpaka amevaa glavu za ngozi. Kisha hupapasa ngoma na mdomo. Waya huacha mikwaruzo na vijino vya chuma, navyo ni visu kwa kamba ya plastiki. Mikwaruzo ya ngoma huiondoa kwa tupa na msasa. Mdomo uliolika huutoa, akaweka mwingine laini.

Pili, hufunga ncha ya kamba katika ngoma, akitazama upande wa kuzunguka ulioagizwa na watengenezaji. Katika winchi nyingi kamba hutoka chini ya ngoma. Ikizungushwa kinyume, breki ya winchi haitashika mzigo.

Tatu, hukumbuka kwamba ile ncha haikufungwa ili ivute gari. Mmepata kumwona mchungaji akimzuia fahali? Huizungusha kamba mara kadhaa katika shina la mti, na hata mtoto huweza kuushika mwisho wake. Ndivyo ilivyo katika ngoma: mizunguko ndiyo ishikayo. Kwa waya, watengenezaji wengi huagiza mizunguko 5 isiyofunguliwa kamwe. Kwa kamba hii iliyo laini na yenye kuteleza, 10.

Nne, kamba huviringishwa ikiwa imekazwa. Fundi huifungua yote isipokuwa ile mizunguko 10, akafunga kulabu mahali imara penye mwinuko mdogo, gari likajivuta taratibu huku mwenzake akigusa breki. Kila mzunguko hulala kando ya mwenzake, kama uzi katika kibiringo cha cherehani. Kamba ikilegea, mizunguko ya juu huzama kati ya ile ya chini, ikanaswa na kuharibika. Wala fundi haongozi kamba kwa mkono karibu na mdomo, maana ngoma haijui tofauti ya kamba na kidole.

Baada ya kazi ya matopeni, kamba huoshwa kwa maji safi, ili mchanga usikate nyuzi zake kwa ndani, kisha hufunikwa isipigwe na jua. Na ingawa hairuki kwa nguvu kama waya, asisimame mtu yeyote karibu nayo inapovuta.

Watu wakiona gari linatoka matopeni, husifu kamba. Lakini kamba hiyo hiyo, ikiwekwa juu ya ngoma yenye vijino, huweza kukatika siku ya kwanza, na mgonjwa akalala njiani. Kazi iliyomwokoa ilifanyika mapema, siku ya ukavu, kwa tupa na msasa, wala hapakuwa na mtu wa kuitazama.

Maswali
1. Kwa nini fundi hupapasa ngoma kabla ya kuweka kamba?
2. Mizunguko 10 isiyofunguliwa ina kazi gani?
3. Taja adui wanne wa kamba ya plastiki.