Ufilipino ya Wahispania: Gavana, Mtawa na Askofu (Sehemu ya Kwanza)

Miguel López de Legazpi hakuwa mtu wa vita. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika utawala wa jiji la Mexico, na alikwisha kula chumvi nyingi alipokabidhiwa merikebu zilizong'oa nanga bandari ya Navidad tarehe 21 Novemba 1564. Pamoja naye alikuwamo Andrés de Urdaneta, baharia mzoefu aliyekuwa amejiunga na watawa wa Mtakatifu Augustino. Urdaneta aliamini kwamba visiwa vya Ufilipino vilikuwa upande wa Wareno kwa mujibu wa mkataba wa Hispania na Ureno wa 1529, hivyo alikubali safari akidhani wanakwenda Guinea Mpya. Barua ya siri ilipofunguliwa baharini, ilionekana kwamba amri ni kwenda Ufilipino. Watawa walinung'unika, lakini nchi kavu ilikuwa mbali.

Walifika Cebu Aprili 1565. Katika nyumba moja iliyonusurika moto wa mapigano na wenyeji, askari mmoja aliokota sanamu ya Mtoto Yesu, inayoaminika kuwa zawadi ya baharia Magellan ya mwaka 1521. Ilijengewa kanisa, nayo ingali ikiheshimiwa mpaka leo. Mwezi Juni Urdaneta aliondoka kutafuta njia ya kurudi. Alipanda kaskazini kufuata pepo za magharibi, akatua Acapulco Oktoba. Bila njia hiyo koloni lisingedumu, kwa kuwa fedha, askari na mapadri wake walitoka Mexico.

Legazpi aliifanya Manila kuwa mji mkuu mwaka 1571, baada ya watu wake kumshinda Raja Sulayman, mtawala Mwislamu wa mahali hapo. Alifariki Agosti 1572. Tayari alikuwa amewagawia askari wake vijiji, wawatoze wenyeji kodi kwa ahadi ya kuwalinda na kuwafundisha dini. Kodi ilikusanywa kwa bidii, mafundisho yalikawia. Mwaka 1574 Martín de Rada, mkuu wa Waagustino, alimwandikia Gavana Guido de Lavezares kwamba ardhi ilitwaliwa bila haki na kodi ilipita kiasi. Lavezares na wenzake walijibu kwamba bila kodi hiyo Wahispania wasingeweza kukaa. Ikumbukwe kwamba watawa hawa hawakutaka koloni livunjwe. Waligombea namna ya kulitawala.

Domingo de Salazar, Mdominiko na askofu wa kwanza wa Manila, aliwasili mwaka 1581 na kuukuta ugomvi huo ukifukuta. Aliita sinodi iliyojadili kama maungamo ya watoza kodi wadhalimu yapokewe kabla hawajarudisha walichopora. Silaha hiyo iliwauma, maana kufa bila kuondolewa dhambi kulitisha kuliko kesi mahakamani. Gavana Gómez Pérez Dasmariñas, aliyeingia mwaka 1590, alivutana naye waziwazi kuhusu kodi. Mwaka uliofuata askofu, mzee tayari, alisafiri kwenda Hispania kumweleza mfalme mwenyewe. Dasmariñas aliuawa mwaka 1593 na wapiga makasia Wachina aliowalazimisha kazini. Salazar alifia Madrid mwaka 1594, kabla ya kurudi Manila.