Kuta za Shimo na Nanga Zinazoondolewa: Uchimbaji Salama Masasi na Newala

Kuchimba ardhi si jambo geni katika Uwanda wa Makonde. Kaya nyingi za Newala huhifadhi maji ya mvua katika visima vya saruji vilivyochimbwa uani, kwa kuwa chemchemi ziko mabondeni, mbali na makazi. Viwanja vya mijini navyo vinazidi kubanana, na shimo la leo huchimbwa karibu na ukuta wa jirani. Hivyo swali la kwanza kwa kila mchimbaji ni hili: ni nini kitakachozuia udongo usiporomoke?

Tabia ya udongo

Mchanga mwekundu wa Newala ukiwa na unyevu kidogo husimama wima kana kwamba ni imara. Jua likiukausha, au mvua ikiulowesha, mshikamano huo hutoweka na ukuta huanguka bila onyo. Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe, hatari nyingine ni mawe makubwa yaliyofichwa udongoni, ambayo huweza kuteleza yakikosa egemeo. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani 1.5 hadi 2. Aliyefukiwa hadi kifuani huweza kushindwa kupumua ingawa kichwa chake kiko wazi.

Nanga za ardhini

Katika majengo makubwa yenye ghorofa za chini ya ardhi, wahandisi hujenga kwanza ukuta wa zege au chuma kuzunguka eneo la shimo. Kadiri shimo linavyoshuka, matundu membamba hutobolewa kupitia ukuta huo, yakielekea chini kwa mshazari hadi kwenye udongo uliotulia. Nyaya za chuma huingizwa humo, na ncha ya ndani hushikizwa kwa rojo ya saruji. Rojo ikishakauka, nyaya huvutwa kwa jeki, hupimwa kwa nguvu inayozidi ile zitakayobeba, kisha hufungwa kwenye ukuta. Shimo hubaki wazi katikati, bila mihimili ya kuwazuia mafundi.

Tatizo ni kwamba nanga hizo hupita chini ya kiwanja cha jirani. Zikiachwa, atakayechimba msingi au kutoboa kisima hapo baadaye atakutana na chuma. Ndiyo sababu zipo nanga zinazoondolewa: nyaya zake hupita ndani ya mirija ya plastiki, hivyo hazigandi kwenye saruji, bali hushikwa na kifaa maalumu kilichofukiwa ndani ya rojo. Sakafu na kuta za jengo zikishaweza kuhimili msukumo wa udongo, mvuto hulegezwa na nyaya huvutwa nje. Hata hivyo, ridhaa ya jirani hutakiwa kabla ya kutoboa.

Kwa shimo la nyumbani

Nanga si kazi ya fundi wa kisima cha uani. Huhitaji mhandisi, upimaji wa udongo na mitambo. Lakini kanuni ni ileile: ukuta upate egemeo kabla mtu hajashuka, na egemeo lisiondolewe mpaka kuta za kudumu zisimame.

- Shimo linalozidi mita 1.2 lishikizwe kwa mbao na mirunda, au kingo zake zilazwe. Katika mchanga, kila mita 1 ya kina hudai mlazo wa takriban mita 1.5 kila upande.
- Udongo uliotolewa, matofali na magari vikae mbali na ukingo.
- Pawepo ngazi, na mtu abaki juu muda wote.
- Kuta zikaguliwe kila asubuhi na baada ya kila mvua.
- Shimo lizungushiwe uzio, watoto wasitumbukie.

Msimu nao una uzito wake. Fedha za korosho huanza kupatikana Oktoba, na wengi huanza ujenzi wakati huo, ilhali mvua hukaribia kati ya Novemba na Desemba. Shimo lililoachwa wazi hukutwa na maji. Ni heri kuchimba na kujengea kati ya Juni na Oktoba, hata kama ni kwa akiba ya msimu uliopita.

Kabla ya kuchimba karibu na nyumba ya jirani au barabara, mkazi apate kibali cha ujenzi na ushauri wa mhandisi wa halmashauri. Ofisi ya mtendaji wa kata itamwelekeza. Ukuta ukiporomoka, asishuke mtu mwingine kuokoa kabla kuta hazijaegemezwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.