Askwar Hilonga: mtaalamu wa nano aliyeingiza utafiti wake kwenye ndoo ya maji

Ukimwambia mtu hapa Chitete kwamba unasomea nanoteknolojia, swali la kwanza halitahusu sayansi. Litakuwa: "Sasa mwanangu, hiyo utaajiriwa wapi?" Na ni swali la haki kabisa. Mzazi aliyeuza ufuta ili upate ada anataka kujua mwisho wa safari. Leo tulijibu kwa kumfuatilia Mtanzania mmoja aliyeifanya kazi hiyo, Askwar Hilonga.

Kwanza, nano ni kitu gani?

Chukua rula yako ya shule, utazame milimita moja. Igawe mara milioni moja. Kipande kimoja hapo ndicho nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000 hivi.

Kwa nini mtu ahangaike na vitu vidogo namna hiyo? Fikiria muhogo. Ukiuanika mzima, unachukua siku nyingi kukauka. Ukiukatakata, unakauka haraka, kwa sababu sehemu kubwa zaidi inapigwa na jua na upepo. Muhogo ni uleule, kilichoongezeka ni uso wake.

Sasa fanya hivyo kwa mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Ukiwa mzima, uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukiukata kuwa michemraba midogo yenye upande wa nanomita 1, jumla ya nyuso zake inafika mita za mraba 6,000. Yaani kitu cha kushika kwa vidole viwili kina uso unaokaribia uwanja wa mpira! Hapo ndipo nguvu ya nano ilipo, kwa sababu mambo mengi ya kikemia hutokea kwenye uso wa kitu.

Kutoka Karatu hadi Korea

Hilonga anatoka kijiji cha Gongali, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Alipata shahada ya uzamivu Korea Kusini, kwenye Chuo Kikuu cha Hanyang. Huko alifanya utafiti wa aerojeli za silika, na makala zake zilianza kuchapishwa kwenye majarida ya kimataifa.

Aerojeli ni kitu kigumu lakini chepesi mno, kwa sababu sehemu kubwa ya ndani yake ni hewa tupu. Kina vitundu vya kipimo cha nano, na gramu moja tu inaweza kuwa na uso wa mamia ya mita za mraba. Na silika yenyewe ni nini? Ni silikoni na oksijeni, yaani vitu vilevile vinavyounda mchanga wa kawaida wa mtoni. Tofauti kubwa iko kwenye namna ilivyopangwa.

Mtu mwenye ujuzi huo angeweza kubaki ughaibuni akaendelea kuandika makala, na hakuna ambaye angemlaumu. Hilonga alirudi na kuwa mhadhiri katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mkoani Arusha. Na Arusha kuna tatizo linalolingana kabisa na ujuzi wake.

Adui asiyechujika

Miamba ya volkano ya kaskazini, kuzunguka Meru na Kilimanjaro, huachia floraidi kwenye maji. Kidogo chake husaidia meno. Ikizidi, meno ya watoto yanayoendelea kuundwa hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Shida ni kwamba floraidi imeyeyuka. Bakteria ana ukubwa wa kama nanomita 1,000, kwa hiyo anaweza kukwama kwenye chujio zuri. Lakini jaribu kutoa chumvi kwenye mchuzi kwa chujio la chai! Ndivyo ilivyo kwa floraidi. Kuchemsha nako hakusaidii: vijidudu vinakufa, floraidi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake kinapanda kidogo.

Hilonga aliunganisha njia mbili. Maji hupita kwanza kwenye mchanga, ambao hunasa uchafu na vijidudu. Kisha hukutana na nanomateriali ambazo uso wake huvuta kemikali zilizoyeyuka na kuzishikilia. Zaidi ya hapo, mchanganyiko huo hupangwa kulingana na kilichomo kwenye maji ya mahali husika.

Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na mshindi alipata pauni 25,000. Kampuni yake, Gongali Model, ina jina la kijiji chake. Na kwa kuwa familia nyingi haziwezi kununua chujio kwa mkupuo, walianza pia kuyakodisha kwa wajasiriamali wa vibanda vya maji, ili mwananchi anunue maji safi kwa lita.

Kwetu Momba inatuhusu vipi?

Usikimbilie kununua chujio lolote lililoandikwa "nano". Sehemu za kunasia kemikali zikijaa, maji hupita na floraidi yake kama kawaida, na huwezi kugundua kwa kuonja. Lazima dawa ya ndani ibadilishwe kwa wakati na maji yapimwe tena.

Na kipimo ndicho cha kwanza. Maji ya Karatu siyo maji ya Mto Momba, na kisima kimoja kinaweza kutofautiana na cha jirani. Kama kijiji chenu kinapata maji kupitia RUWASA, wakala wa maji vijijini, ulizeni majibu ya vipimo: kuna bakteria? Floraidi ni kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yataonyesha kama mnahitaji klorini tu, au chujio, au chanzo kingine kabisa.

Kwa mwanafunzi wa PCB, PCM au CBG anayesoma hapa: kemia ya uso wa vitu ndiyo iliyomo ndani ya ndoo ya Hilonga. Na lile swali la mzazi, mwambie hivi: kuna aliyesomea hiyo akapata kazi ya kufundisha chuoni, kisha akafungua kampuni na kuwapa wengine kazi. Alianza kwa kutazama maji ya kwao.