Msimamizi Si Mrithi

Siku ya kumaliza matanga ya baba nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipeleka chai kwenye kikao ambacho sikuruhusiwa kukikalia. Wazee wa ukoo walikuwa chini ya mwembe, uani kwetu Ngokolo, Shinyanga; mama alikuwa ndani na wanawake wenzake. Chai haijapoa, jina likawa limeshapita: baba mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Mtu mmoja akaandika muhtasari kwenye karatasi ya daftari, wazee wakatia saini, mama akaitwa aweke dole gumba. Hajui kusoma, na hakuna aliyemsomea.

Wiki chache baadaye baba mkubwa alirudi kutoka mahakama ya mwanzo na karatasi yenye muhuri. Akaikunjua mbele yetu. "Shemeji, mahakama imenikabidhi." Mama alielewa, wapangaji wa vyumba vinne vya uani walielewa, na nadhani hata yeye mwenyewe alielewa hivyo hivyo: nyumba imekuwa yake. Kuanzia mwezi ule kodi alikusanya yeye. Kiwanja cha Ibinzamata alikiuza kabla mwaka haujaisha. Baba alikuwa fundi cherehani karibu na stendi, na vyerehani vyake viwili navyo vikabebwa kwenye mkokoteni, mchana kweupe, sisi tunatazama.

Karatasi ile ilikuwa Fomu Na. 4. Leo mimi ni msaidizi wa kisheria, na bado naletewa fomu hiyo hiyo na watu wenye kosa lile lile kichwani. Fomu Na. 4 haimpi mtu mali. Inampa kazi. Msimamizi hukusanya alichoacha marehemu, hudai wadaiwa, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa apeleke mahakamani Fomu Na. 5, yenye orodha ya mali na madeni, na baada yake Fomu Na. 6, inayoonyesha kila kitu kimeenda kwa nani. Anaweza kuwa mrithi pia, kama ni mjane au mtoto wa marehemu. Lakini usimamizi peke yake haumpi hata kijiko.

Mama aliyajua haya kwa bahati. Alikwenda mahakamani kulia tu, si kushtaki. Karani mmoja akamsikiliza, akamuuliza, "Mama, huyo shemeji yako amewahi kuleta fomu namba tano?" Mama alitembea kutoka kule hadi nyumbani akirudia mdomoni, namba tano, namba tano, asije akaisahau. Alipofika akaniambia niiandike ukutani kwa mkaa.

Baba mkubwa hakuwahi kuileta. Mahakama ilimwita, ikamwondoa, ikawateua mama na shangazi yetu. Nyumba ilirudi. Cherehani kimoja kilirudi. Kiwanja hakikurudi, aliyekinunua alinunua kwa aliyekuwa msimamizi wakati ule, na fedha zilikuwa zimeshaliwa.

Lakini hapo katikati palizuka ubishi mwingine, na huu ndio unaozivunja nyumba nyingi: tunarithishana kwa sheria ipi? Baba mkubwa alisema sisi ni Wasukuma, basi ni mila. Shangazi akasema kaka yake alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, amezikwa kwa misa. Tanzania Bara hatuna sheria moja ya mirathi kwa wote, na tofauti yake si ndogo. Kwa kanuni za kimila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane wa mume aliyeacha watoto hupata moja ya nane. Kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunaitumia, hasa kwa Wakristo, hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Nyumba ni ile ile, mama ni yule yule. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha gani na alionyesha nia gani. Kwetu vilivyoangaliwa ni ndoa na maisha ya kanisani, mama akapata theluthi yake.

Wapo ambao hawakupata. Wajane wawili wa mkoa wetu huu wa Shinyanga, waliotolewa majumbani mwao baada ya waume zao kufariki, walikwenda hadi Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Wakafika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Nikisoma habari yao huwa namwona mama yangu na dole lake lenye wino. Sikubali kwamba mwanamke aliyeponda kokoto za msingi wa nyumba awe mgeni ndani yake siku mume anapozikwa.

Kwa hiyo wanandoa wakinijia, swali langu la kwanza ni hili: hati ina majina mangapi? Kama mmejenga pamoja, andikisheni majina yote mawili. Mmoja akifariki, aliyebaki haanzi kama mwombaji kwenye kikao cha ukoo. Yeye ni mwenye mali. Ni kinga kubwa kuliko hotuba yoyote.

La pili ni wosia. Wengi huniambia ni uchuro, unajiita kifo. Wengine husema wosia ni wa matajiri. Tajiri ana wakili. Mwenye nyumba moja na cherehani ndiye asiye na wa kumsemea. Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika. Asishuhudie mtu anayepewa kitu ndani yake. Weka tarehe. Muislamu akumbuke kuwa wosia wake hauvuki theluthi ya mali, na haumwongezei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Ukishaandika, usiufungie sandukuni kimya kimya. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hutunza wosia. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba upo na uko wapi.

Mama aliandika wake mwaka jana. Sikuuandika mimi, kwa kuwa mimi ni mrithi. Aliandika mwalimu jirani yetu. Mashahidi wanne walikaa chini ya mwembe ule ule, wawili wa ukoo, wawili majirani, na safari hii mama alikaa kwenye kiti cha katikati. Mwalimu akasoma kuanzia mwanzo: fungu lake katika nyumba, vyombo, mbuzi watatu, na cherehani kilichotushonea sare za shule sote, ambacho amemwachia mjukuu wake anayejifunza ufundi. Alipomaliza alisogeza kidau cha wino. Mama hakukigusa.

"Rudia pale pa cherehani," akasema.

Mwalimu akarudia. Mama akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaomba asomewe yote tena tangu juu, akasomewa. Ndipo akanyoosha kidole.