Nyufa za sakafu: tusiikimbilie saruji kuilaumu

Sakafu imemwagwa, ikapigwa niru, ikang'aa. Baada ya wiki chache ufa mwembamba unajitokeza kwenye kona ya mlango, unakatiza sebule nzima hadi ukuta wa pili. Mwenye nyumba anailaumu saruji, fundi anailaumu ardhi. Mara nyingi, kosa haliko kwenye saruji wala ardhi.

Zege hugeuka jiwe kwa sababu saruji huungana kikemia na maji. Lakini maji tunayotia huzidi yale ambayo saruji inayahitaji. Tunayazidisha ili zege lisukumike kwa urahisi. Ziada hiyo hutoka polepole kwa miezi mingi, na kadiri inavyotoka zege linasinyaa. Kwa zege la kawaida, kila mita moja inaweza kufupika kwa nusu milimita au zaidi. Sebule ya mita 6 hutaka kupungua milimita 3 hivi.

Kusinyaa peke yake hakuleti ufa. Kinachouleta ni kuzuiwa. Chini, zege limeng'ang'aniwa na mawe na kifusi. Pembeni limebanwa na kuta na nguzo. Ndani limeshikwa na nondo. Linataka kujikusanya, haliachiwi, basi linavutika. Na zege, hodari wa kubeba mzigo, ni dhaifu likivutwa: uwezo wake hapo ni takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa kuhimili mgandamizo. Maabara hulipima jambo hili kwa kumimina zege kuizunguka pete ya chuma. Zege linasinyaa, chuma hakisogei, na watafiti wanahesabu siku hadi ufa utokee.

Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia kwenye kona za milango na nguzo. Hapo ndipo mvuto hujikusanya.

Dawa ya kwanza ni kupunguza maji. Kwa zege la kawaida la nyumba, mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa, kiasi hicho kipungue. Ndoo inayoongezwa ili kazi iende haraka huongeza kusinyaa na kupunguza nguvu. Kokoto safi za kutosha nazo husaidia, kwa kuwa kinachosinyaa hasa ni uji wa saruji.

Ya pili ni kumwagilia kwa siku 7 au zaidi, huku zege limefunikwa kwa magunia mabichi au nailoni. Kwenye upepo mkavu kama wa Dodoma, zege bichi linaweza kupasuka saa chache tu baada ya kumwagwa, hivyo lifunikwe mapema. Kumwagilia hakufuti kusinyaa. Hukuchelewesha mpaka zege lipate nguvu ya kukabiliana nako.

Ya tatu ndiyo tunayoipuuza zaidi: mikato. Sakafu ya unene wa sentimita 10 igawanywe katika vipande vya mita 2.5 hadi 3, vinavyokaribia mraba. Mkato uingie robo ya unene, nao ukatwe ndani ya siku ya kwanza, mara zege linapohimili msumeno bila kumeguka. Ufa utafuata mstari huo. Nondo au wavu wa chuma hauzuii kusinyaa. Kazi yake ni kuugawa ufa mmoja mpana kuwa nyufa nyingi ndogo.

Ufa mwembamba wa sakafuni kwa kawaida hauangushi nyumba. Lakini kwenye nguzo na boriti za nyumba za pwani, ufa mpana hupitisha unyevu na chumvi hadi kwenye nondo. Kutu huvimba na kubandua zege. Ufa unaoendelea kupanuka, au ambao upande wake mmoja umeshuka, aitwe mhandisi auone.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla toroli la kwanza halijamwagwa, kubaliana na fundi wako mambo matatu: kipimo cha maji, siku za kumwagilia na mahali pa mikato. Kisha uwepo siku ya kumwaga, usimamie makubaliano hayo.