Shule nzuri ya urubani: mzazi aulize nini mbele ya kulipa?

Kwa kijana wa komine Lubunga mwenye diploma ya Serikali na anayetaka kuwa rubani, safari ni ndefu kuliko kuvuka mto kwenda Bangboka. Shule zenye kujulikana ziko mbali: ile ya Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa, ile ya Soroti nchini Uganda iliyoanzishwa mwaka 1971, na zingine ndogo ku uwanja wa Wilson, Nairobi. Bei inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Familia inaweza kuuzisha hata parsele juu ya hiyo. Basi ni vizuri kujua feza hiyo inanunua nini.

Wa kwanza kuonwa si mkubwa wa shule, ni daktari. Rubani wa kazi anaombwa cheti cha afya cha daraja la kwanza: macho, masikio, moyo. Anayelipa mbele ya kupimwa anaweza kusikia kisha miezi kwamba hatofautishi rangi vizuri, na feza imekwisha kwenda.

Halafu kuna masaa. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaomba masaa 200 ya kuruka kwa leseni ya kazi, ama 150 kwa mwenye kufuata masomo yaliyokubaliwa na serikali. Kwa leseni ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria ni masaa 1500. Masaa hayo yanaandikwa mu kitabu, na kalamu inaweza kuandika hata yasiyorukwa. Njo maana mzazi aulize ndege ngapi za shule zinaruka leo, si ngapi zimepigwa picha. Kama ndege ni mbili na moja imeharibika, mwanafunzi atakaa miezi akingojea zamu, na kodi ya nyumba ikiendelea.

Lakini masaa peke yake hayatoshi. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora, ikitoka Kinshasa, ilianguka karibu na Bangboka ikijaribu kutua wakati wa mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa. Wakaaji wa Tshopo wanajua mvua yao: anga inafungika gafula. Saa kama hiyo rubani anapaswa kujua kuacha kutua, kupanda tena, kungojea ama kwenda uwanja mwingine, hata kama abiria watanung'unika.

Hiyo haifundishwe kwa maneno tu. Inataka simuleta, mashine inayoiga chumba cha rubani. Mwalimu anaweka radi, anazima mota moja, anageuza upepo. Mwanafunzi anaanguka, anatoka jasho, anaanza tena, na hakuna aliyekufa.

Kuna tena somo la kusema. Tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM alianza kukimbiza ndege bila ruhusa. Fundi wake aliuliza kama ndege ingine imetoka njiani; kapteni akaendelea. Na huyo kapteni alikuwa mwalimu wa marubani wenzake! Toka hapo shule nzuri zinazoeza mdogo kumkatiza mkubwa. Kwetu, mahali mtoto analelewa asijibishane na mzee, somo hilo pengine ni gumu kuliko hesabu.

Kiingereza nacho ni cha lazima kwa safari za kimataifa: kiwango cha 4 juu ya 6. Kifaransa kinafaa ndani ya nchi, lakini Entebbe na Nairobi wanaongea Kiingereza ku radio.

Mwisho, mbele ya kutia sahihi, familia iulize AAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Congo, kama leseni ya shule hiyo itakubaliwa hapa. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, ni ya Serikali kwa 51% na ya Ethiopian Airlines kwa 49%. Ilianza na Boeing 737. Kijana mwenye masaa 200 hapandi humo moja kwa moja: anahitaji tena mafunzo ya aina hiyo ya ndege, na aulize toka leo nani atayalipa.