Moshi Utatokea Wapi?

Twawasalimu ninyi mlio pwani, ambao usiku huu mmefungua madirisha kwa sababu ya joto. Na hasa twawasalimu ninyi mlio Limuru, Kinangop, Molo, Timau na kwingineko kwenye baridi, mliojifunika blanketi mkasogea karibu na jiko. Mazungumzo yetu ya leo yahusu hilo jiko. Twataka kuwasaidia kuchagua jiko la kuni la kupasha nyumba joto, na tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulihamishiwa parishi moja ya milimani, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu huingia alfajiri na kukaa mpaka saa sita za mchana. Nyumba ya kasisi ilikuwa ya mbao, na upepo ulipita kati ya mbao kama mwenye nyumba. Mama yetu mzazi alikuja kututembelea kutoka sehemu za joto, na usiku wa kwanza alitetemeka mpaka asubuhi. Usiku wa pili tuliona aibu. Tukawasha makaa nje, tukangoja yakaiva yakawa mekundu, moshi ukaisha kabisa. Ndipo tukaliingiza jiko chumbani mwake, tukafunga dirisha, tukaziba hata ule ufa wa chini ya mlango kwa gunia. Tukaomba pamoja, tukamtakia usingizi mwema.

Usiku wa manane mtoto wetu mdogo aliamka kutaka maji, akasikia nyanya yake akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida. Alituamsha. Tulipofungua mlango tulimkuta mama hajijui, ametapika, na mwili umelegea. Tulimbeba mpaka nje kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tukimkinga nayo, kisha tukampeleka hospitali. Mungu alituhurumia, akapona. Alipopata nguvu ya kusema alituambia, "Wanangu, mimi sikusikia harufu ya moshi hata kidogo."

Wapenzi, neno hilo la mama ndilo somo letu la leo. Upendo wetu ulikuwa na joto, lakini haukuwa na maarifa. Wazee walisema kwamba palipo na moshi pana moto. Sisi tulidhani kwamba pasipo na moshi hapana hatari. Sivyo. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Damu yetu huchukua oksijeni na kuipeleka mwili mzima; lakini sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata oksijeni ikakosa nafasi. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, hulegea. Aliyelala huenda asisikie lolote kati ya hayo. Hulala moja kwa moja.

Watu wengi husema kwamba makaa yakishaiva nje hayana sumu tena. Twawasihi, msiamini hivyo. Moshi huisha, lakini sumu huendelea kutoka mpaka makaa yazimike kabisa. Hata jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake, ambalo limeenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, halikutengenezwa ili kukaa chumbani mwa mtu aliyelala. Ni jiko zuri, hupunguza matumizi ya makaa; lakini kupunguza makaa si kuondoa sumu.

Katika Injili ya Yohana twakuta moto wa makaa mara mbili. Katika sura ya 18, Petro aota moto usiku wa baridi. Na katika sura ya 21, wanafunzi wakuta moto pwani ya bahari pamoja na Bwana aliyefufuka. Mara zote mbili moto ulikuwa nje, mmoja uani na mwingine ufuoni. Hatusemi kwamba Yohana aliandika ili kutufundisha habari za majiko. Alikuwa na neno kubwa zaidi. Lakini tukisoma twaweza kuona kwamba watu wale waliota makaa mahali penye hewa.

Basi, ukitaka kununua jiko la kupasha nyumba joto, usianze kwa kuuliza bei, wala usivutwe na rangi yake. Uliza kwanza: moshi utatokea wapi? Jiko la ndani ya nyumba lapaswa kuwa na dohani, yaani bomba la kuchukua moshi na sumu na kuzitupa juu ya paa. Hewa ya moto hupanda. Ikipanda ndani ya bomba huvuta hewa nyingine iingie motoni kwa chini. Hivyo moto hupumua. Kama bomba hakuna, moto hupumua kwa mapafu ya watu wa nyumba. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa ajili ya hewa chafu itokanayo na moto wa nyumbani. Wengi wao hawakufa kwa usiku mmoja kama ilivyokaribia kumpata mama. Moshi uliwaharibu mapafu na moyo, mwaka baada ya mwaka.

Tuyatazame sasa majiko yenyewe. Mafiga matatu twayajua wote. Yalitulea, lakini hujaza nyumba moshi, na joto lake jingi hupotea. Nyumba nyingine za zamani zina meko ya ukutani yenye dohani ya mawe. Meko hayo hupendeza, na moshi hutoka. Lakini mdomo wake ni mpana, na hewa nyingi ya joto ya chumbani hupanda pamoja na moshi, huku baridi ikiingia kwa chini ya mlango ili kujaza nafasi yake. Ukikaa mbele yake, uso waungua na mgongo waganda.

Lililo bora ni jiko lililofungwa, la chuma au la matofali, lenye mlango unaokaza, tundu la kuingiza hewa liwezalo kupunguzwa, na bomba la kutoa moshi. Chuma cha kusubu ni kizito, hukawia kupata moto, lakini hukaa na joto baada ya moto kufifia. Kikipigwa kwa nguvu chaweza kupasuka. Jiko la bamba nene la chuma hupata moto upesi na kupoa upesi, na mafundi wetu wa jua kali waweza kulitengeneza; mwambie fundi aweke matofali ya kustahimili moto ndani ili chuma kisiungue. Jiko la matofali huchukua nafasi kubwa na haliwezi kuhamishwa, lakini likishapata joto hulitoa pole pole usiku kucha. Usikubali bomba la mabati yaliyopakwa zinki karibu na moto, maana zinki ikiungua hutoa mvuke wenye madhara.

Sisi tulipopata funzo letu tuliagiza jiko la bamba, na hapo tukakosea mara ya pili. Tulitaka kubwa. Tulifikiri jiko kubwa ni joto kubwa. Lilipowashwa, chumba kikawa kama tanuri, tukalazimika kufunga tundu la hewa karibu lote. Moto uliokosa hewa haukuungua vizuri, ulifuka tu. Moshi wake mzito ulipoa bomboni na kugeuka kuwa utando mweusi kama lami. Lami hiyo ni kuni ya pili: ikikusanyika, siku moja hushika moto ndani ya bomba na kuweza kuteketeza nyumba. Fundi mmoja mzee alitufungulia bomba, akatuonyesha, akasema, "Mmenunua jiko la kanisa mkaliweka sebuleni." Jiko dogo linaloungua kwa nguvu ni bora kuliko jiko kubwa linalosongwa. Pima chumba chako kwanza, ndipo uende kwa fundi.

Tena angalia mahali pa kuliweka. Jiko lisilo na ngao likae kama sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao, pazia, kitanda au kiti. Chini yake pawe na sakafu ya saruji, mawe au matofali, nayo itokeze mbele ya mlango wa jiko ili kaa likianguka lisipate mbao. Bomba lisiguse mbao linapopita darini. Hapo fundi aweke bomba la kuta mbili au kizuizi kinachofaa. Na juu ya paa bomba lipande angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea, tena lipite kwa sentimita 60 kila kilicho karibu nalo ndani ya mita 3. Bomba letu la kwanza lilikuwa fupi kuliko ukingo wa paa. Upepo ulipovuma, moshi wote ulirudi kutusalimu.

Jiko likiwa zuri namna gani, kuni mbichi zitaliaibisha. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla ya kukupa wewe joto. Pasua kuni mapema, zipange juu ya vijiti ili zisiguse udongo, zifunike juu na kuziacha wazi ubavuni upepo upite, uzingoje angalau miezi 6. Mkaratusi hupasuka kwa urahisi ungali mbichi. Ukikauka utakutoa jasho. Kuni kavu huwa na nyufa mwishoni, na ukigonga mbili pamoja hulia kwa sauti kali. Usichome mbao zilizopakwa rangi, wala plastiki, wala vigingi vya ua vilivyotiwa dawa. Dawa nyingine za vigingi zina sumu ya aseniki, na hubaki hata katika majivu. Tena kila anayekata mti apande mingine kabla ya kusahau.

Twajua kwamba wako wanaosikiliza wakisema, "Kasisi, jiko lenye bomba tutalipata wapi, na karo ya shule haijalipwa?" Hatuwezi kupita neno hilo. Kama huna ila makaa, yatumie jikoni, dirisha na mlango vikiwa wazi, na uyatoe nje kabla mtu yeyote hajalala. Usingoje yafifie, yatoe. Kisha jaza maji ya moto katika chupa ngumu, kaza kifuniko, izungushie kitambaa na uiweke miguuni kitandani. Ziba nyufa za kuta, lakini katika chumba chenye moto usizibe tundu la hewa. Na mwenye uwezo anunue kile king'ora kidogo cha betri kinacholia hewa ya sumu ikizidi, hata kama jiko lake lina bomba. Mkiamka watu wawili au watatu nyumbani wote vichwa vyauma, msiseme ni homa. Tokeni nje kwanza, mwende hospitali.

Na hapa twataka kusema na kanisa. Katika kila parishi ya baridi wako wajane na wazee wanaoishi peke yao, na jioni kila mmoja huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Sisi makasisi tumewatembelea, tukaota moto wao, tukaomba, tukaenda zetu. Tulilitazama jiko tusiseme neno. Je, tungoje kulisema siku ya mazishi? Jifya moja haliinjiki chungu. Lakini Chama cha Akina Mama wakichanga kidogo, wazee wa kanisa wakaleta matofali, na vijana wakaja na fundi, nyumba moja yaweza kupata jiko lenye bomba kabla ya Julai ijayo. Mwaka utakaofuata, nyumba ya pili.

Mama yetu aliishi akarudi tena kututembelea, na jiko dogo lilikuwa limewekwa. Jioni ile hakuketi upesi. Alilizunguka, akatoka nje na fimbo yake, akainua macho juu ya paa mpaka alipouona moshi ukipanda na kupotelea katika ukungu. Ndipo akaingia, akavua viatu, akanyosha miguu karibu na moto.

Jioni ya leo, msikilizaji mpenzi, kabla ya kuzima taa, fanya kama yeye. Uliza moshi watokea wapi. Kama hakuna jibu, litoe jiko nje, hata kama baridi ni kali, kisha umsalimu jirani yako mzee umwambie naye alitoe lake.

Bwana awalinde usiku huu, awape usingizi, na awaamshe salama. Kwaherini.